Janga la ugonjwa na milango ya nchi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Sisi ni wajaza fomu wa Mwanjelwa, Mbeya. Paspoti, maombi ya viza, maombi ya vyuo, barua za mwaliko, vyote vinapita kwenye kompyuta zetu. Si Idara ya Uhamiaji sisi, wala si maajenti. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wateja wa Mbalizi, Tukuyu, Kyela, Vwawa na hata Makambako, na mengi yanarudi palepale: ugonjwa ukilipuka tena, safari yangu itakuwaje?

Korona si ilishaisha? Kwa nini bado inatajwa kwenye mambo ya viza?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Upande wa hospitali, hilo lilimaanisha mengi. Upande wa uhamiaji lilimaanisha kidogo, kwa sababu ugonjwa huondoka haraka kuliko masharti yaliyoletwa nao.

Chukua Marekani. Sharti la kila abiria mgeni wa ndege kuwa amechanjwa liliondolewa Mei 2023. Lakini anayeomba ukaazi wa kudumu aliendelea kudaiwa chanjo ya korona kwenye vipimo vyake vya afya hadi Januari 2025. Na huo ni muda mfupi. Nchi hiyohiyo iliweka zuio kwa wageni wenye virusi vya ukimwi mwaka 1987 na kuliondoa Januari 2010. Miaka zaidi ya 20! Wakati huo dawa za kufubaza zilikuwa zinatolewa mpaka zahanati za vijijini kwetu, na madaktari walikuwa wamesema zamani kwamba zuio halikuwa na maana ya kitabibu. Kuweka sharti kunahitaji saini ya siku moja. Kuliondoa kunahitaji mtu mwenye ujasiri wa kusema hadharani kwamba hatari imepita, na wanasiasa wa aina hiyo si wengi.

Mwaka 2020 mpaka wa Tunduma ulifungwa na nani? Wengine wanasema Tanzania, wengine Zambia.

Zambia. Tanzania haikufunga mipaka yake ya nchi kavu. Ilichofanya ni kutangaza Machi 2020 karantini ya siku 14 kwa wanaotoka nchi zilizoathirika, kwa gharama zao wenyewe, halafu Aprili ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa hadi Mei 18.

Upande wa pili mambo yalichacha Mei 2020. Zambia ilitangaza wagonjwa 76 kwa mpigo katika mji wa Nakonde, na Rais Edgar Lungu akaagiza mpaka ufungwe kuanzia Mei 11. Baada ya siku chache ukafunguliwa, ila kwa mizigo. Kenya nayo siku chache baadaye, Mei 16, ikafunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, mizigo ikiachwa ipite.

Aliyekuwa Tunduma siku zile hahitaji kusimuliwa. Malori yamejipanga kutoka geti la forodha yakirudi nyuma kwenye lami, moja nyuma ya jingine, dereva na utingo wake wamekaa kivulini chini ya tela na jiko la mkaa, wanasonga ugali. Mama anayeuza ndizi anapita katikati ya matairi. Mhudumu wa afya ana kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mita chache kutoka hapo ndugu wa familia moja, Wanamwanga wa Tunduma na Wanamwanga wa Nakonde, wanatazamana ng'ambo ya mpaka na hawawezi kwenda kuzikana.

Kituo chenyewe cha huduma kwa pamoja kilikuwa kimezinduliwa Oktoba 2019, miezi michache tu kabla, ili msafiri agongewe muhuri mara moja badala ya kusimama pande mbili. Nchi mbili zikawa na jengo moja na sera mbili.

Mbona mizigo ilipita na watu wakazuiwa? Dereva si mtu?

Dereva ni mtu, na kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia alikuwa ndiye mtu anayepimwa kuliko wote. Lakini shaba ya Zambia na Kongo inakwenda bandari ya Dar es Salaam, na mafuta na ngano vinarudi kwa barabara hiyohiyo. Serikali haiwezi kuzima kitu hicho kwa wiki tatu ikabaki na amani mjini. Abiria wa basi anazimika kirahisi. Hana chama cha wasafirishaji wa kumpigia simu waziri.

Hapa ndipo pa kusoma mwelekeo wa uhamiaji wa nchi yoyote wakati wa janga. Usiangalie wanaozuiwa, maana wakati ule alizuiwa karibu kila mtu. Angalia wanaopewa ruhusa maalumu. Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zinaleta wavuna mboga na matunda kutoka Romania kwa ndege za kukodi. Asparaga zilikuwa zinaoza shambani. Mwenye macho alijua tangu mwezi huo kwamba mlango utafunguliwa kwa nani kwanza.

Nilisikia Watanzania walizuiwa kwenye bahati nasibu ya green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kwa sababu ya korona. Ni kweli?

Watu wengi wamechanganya hapo, na si kosa lao, kwa kuwa mambo yalifuatana.

Zuio la Watanzania lilitiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 31 Januari 2020 na likaanza kufanya kazi Februari 21. Lilihusu bahati nasibu tu; Tanzania na Sudan ziliwekwa fungu moja. Halikuwa na uhusiano na ugonjwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya usalama na kubadilishana taarifa za wasafiri. Ndipo Machi balozi za Marekani zikasimamisha huduma za kawaida za viza duniani kote, na Aprili 22 likaja agizo jingine la kusimamisha wahamiaji wengi wapya. Safari hii sababu iliyoandikwa ilikuwa kulinda ajira za Wamarekani wakati wa janga. Juni likaongezwa wigo, likagusa viza kadhaa za kazi.

Kwa hiyo mshindi wa Mbeya wa mwaka ule alikuwa nyuma ya milango mitatu, na mmoja tu kati ya hiyo ulifungwa na ugonjwa moja kwa moja. Zuio la kwanza lilifutwa na Rais Joe Biden siku aliyoapishwa, 20 Januari 2021. Agizo la Aprili lilifutwa mwezi uliofuata.

Tatizo la bahati nasibu ni kwamba ina kalenda yake. Viza isipotolewa kufikia Septemba 30, mwisho wa mwaka wa fedha wa Marekani, ushindi unakufa. Waliokosa walikwenda mahakamani Washington, na jaji akaagiza viza 9,095 za mwaka 2020 zitunzwe kwa ajili yao. Mwaka 2024 mahakama ya rufani ikasema mahakama haina mamlaka hayo baada ya mwaka kwisha. Tunawaambia wateja wazi: ukishinda, usiuze kiwanja mpaka viza iwe imebandikwa kwenye paspoti.

Ni nchi gani zilizofungua milango zaidi baada ya janga?

Kanada na Uingereza ndizo zinazoulizwa zaidi mezani kwetu, na hadithi zao zinafundisha.

Kanada ilifunga Machi 2020. Mwaka huo ilikuwa imepanga kupokea wakaazi wapya 341,000, wakaingia kama 184,000. Wakubwa wa nchi hiyo hawakusema "afadhali". Walisema pengo lizibwe, wakaweka lengo la 401,000 kwa mwaka 2021. Sasa watu watatoka wapi na mipaka imefungwa? Wakawageukia waliokuwa tayari ndani kwa viza za masomo na za kazi. Tarehe 13 Februari 2021 waliita waombaji 27,332 kwa siku moja, na kwenye mfumo wao wa kupanga waombaji kwa alama, alama za chini kabisa zilizohitajika zilikuwa 75, wakati kabla ya hapo watu walikuwa wanaachwa na alama zaidi ya 400. Mtanzania aliyekuwa anabeba boksi kule kihalali huku akisubiri zamu yake, aliamka akakuta barua pepe. Mwenzake mwenye sifa nzuri kuliko yeye lakini aliyekuwa Iringa hakupata kitu.

Uingereza ilileta viza ya wahudumu wa afya Agosti 2020, na Februari 2022, nyumba za wazee zikiwa hazina watu wa kutosha, ikawaruhusu walezi wa kawaida kuajiriwa kutoka nje. Watu walimiminika. Kwa takwimu zilizosahihishwa, katika mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya 900,000. Hapo siasa zikageuka. Machi 2024 walezi wapya wakazuiwa kuja na wake, waume na watoto wao. Julai 2025 ajira mpya za walezi kutoka ng'ambo zikafungwa kabisa.

Kanada pia ilianza kukaza kamba mwaka 2024, kwanza kwa wanafunzi, kisha kwenye malengo ya jumla.

Mtiririko wa mambo unaonekana: kufunga, kuona pengo, kufungua kwa pupa, wenyeji kulalamika nyumba zimepanda kodi, kufunga tena. Kutoka kufungua hadi kufunga tena ilikuwa kama miaka miwili au mitatu. Huku kwetu habari ya kufunguliwa huchukua muda kufika, na ikifika vishoka wanaiuza kana kwamba ni ya jana. Bado tunaletewa matangazo ya kazi za ulezi Uingereza ambazo mlango wake umeshafungwa.

Na Australia?

Ilifungia wasio raia wala wakaazi wake Machi 20, 2020, wanafunzi wa nje wakaruhusiwa kurudi Desemba 2021, na watalii Februari 2022. Katika mwaka wa fedha 2020/21 waliotoka waliwazidi walioingia, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Vita Kuu ya Pili. Vyuo vikuu vyao, vinavyoishi kwa ada za wageni, viliumia sana. Ndiyo maana wanafunzi walitangulia watalii kurudi.

Serikali inaweza kumzuia raia wake mwenyewe asirudi nyumbani?

Kwa kawaida hapana. Inaweza kumpima, kumweka karantini na kumdai gharama za hoteli, ila nyumbani ni kwake. Lakini Australia, tukiwa hapohapo, Mei 2021 iliwapiga marufuku raia wake waliokuwa India wasirudi, kwa vitisho vya faini na kifungo, kwa takriban wiki mbili. Kwa hiyo usiweke dhamana kwenye neno "haiwezekani".

Je, marufuku ya safari hufuata uraia wangu au mahali nilipokuwa?

Mara nyingi mahali ulipokuwa, na hili ni muhimu mno kwa watu wa Kyela na Kasumulu.

Novemba 2021, aina ya kirusi iliyoitwa Omicron ilipotangazwa na wanasayansi wa Afrika Kusini, Marekani ilizuia wasafiri wa nchi nane za kusini mwa Afrika. Malawi ilikuwemo, Tanzania haikuwemo. Kigezo kilikuwa kuwa katika nchi hizo ndani ya siku 14 zilizopita. Sasa fikiria mfanyabiashara wa mchele aliyevuka daraja la Songwe kwenda Karonga kwa shangazi yake, akarudi, na baada ya wiki moja ana ndege ya kwenda Marekani. Ni Mtanzania, paspoti ni ya Tanzania, ila muhuri wa Malawi umo ndani. Huyo alikuwa ameshazuiwa. Marufuku ile iliondolewa Desemba 31 mwaka huohuo, baada ya kuonekana kwamba kirusi kilikuwa kimeshasambaa huko kwao wenyewe.

Kinyume chake pia kilitokea. Januari 2021 Uingereza ilizuia wanaotoka Tanzania na Kongo kwa hofu ya aina nyingine ya kirusi iliyogunduliwa Afrika Kusini. Februari Oman ikazuia wanaotoka nchi kumi, Tanzania ikiwemo. Wakati huo sisi tulikuwa tumeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwaka uliotangulia. Mtu anaweza kubishana hadi kesho kama takwimu zetu zingebadilisha uamuzi wa London au Muscat. Maoni yetu ni kwamba nchi isiyotoa namba hupangiwa namba na wengine, na anayelipa ni mwanafunzi na mfanyakazi wa nyumbani aliyekwishakata tiketi.

Kadi ya manjano na cheti cha chanjo ya korona ni kitu kimoja?

Hapana. Kadi ya manjano ya homa ya manjano ipo chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, na nchi zina haki ya kuidai. Cheti cha korona kiliachwa kila nchi ijiamulie chanjo gani inaitambua, ndiyo maana kilileta vurugu. Tanzania ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo Julai 2021, aina ya Janssen, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Julai 28. Kabla ya hapo msafiri wa kawaida wa Mbeya hakuwa na pa kuipata nchini.

Tunza zote mbili. Hazili chakula.

Kijana wangu yuko Sauzi kihalali. Janga likija tena na viza yake ikaisha mipaka ikiwa imefungwa, atakuwa haramu?

Mama, mwaka 2020 Afrika Kusini ilitangaza kuongeza muda wa viza zilizoisha wakati wa amri ya kutotoka nje iliyoanza Machi 27. Nchi nyingi zilifanya hivyo. Shida ni kwamba nyongeza hiyo hutolewa kwa tangazo, haigongwi kwenye paspoti. Polisi wa barabarani anaona tarehe iliyopita, hasomi matangazo ya serikali. Mwambie achape tangazo, alikunje, atembee nalo ndani ya paspoti. Atunze pia risiti ya kila ombi.

Asiye na karatasi hali yake ni nyingine kabisa. Nyongeza hazimgusi, misaada ya chakula haimgusi, na waliozamia ndio waliosukumwa kurudi kwa miguu na malori. Januari 2021 Afrika Kusini ilifunga vituo 20 vya mpaka wa nchi kavu, Beitbridge kikiwemo, baada ya misongamano mikubwa ya watu wakisubiri vipimo.

Wageni walioko huku kwetu je? Mmalawi au Mzambia ambaye kibali chake kinaisha?

Aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla ya tarehe ya mwisho. Kabla, si baada. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania, Sura ya 54, inamhesabu mgeni mwenye ugonjwa wa kuambukiza ulio hatari kwa jamii kuwa anayeweza kuzuiwa kuingia, kwa hiyo hata bila janga afisa ana nguvu hiyo kisheria.

Mpaka ukifungwa si kuna njia za panya?

Zipo, kila mtu Tunduma anazijua. Hatuzijazii fomu. Tofauti wakati wa janga ni kwamba aliyevuka kwa panya hana pa kupimwa wala rekodi ya kuingia, na majirani wenyewe ndio humripoti kwa mtendaji wa mtaa.

Watu wa ng'ambo wakikosa kazi, fedha wanazotuma nyumbani hukatika?

Benki ya Dunia ilitabiri Aprili 2020 kwamba fedha hizo kwa nchi maskini na za kipato cha kati zingeshuka kwa takriban asilimia 20. Zilishuka kwa asilimia 1.6 tu, zikabaki dola bilioni 540. Sehemu ya sababu ni kwamba waliokuwa wakituma kwa mikoba ya abiria walilazimika kutuma kwa simu na benki, zikahesabiwa. Sehemu nyingine anaijua kila mwenye mtoto majuu: akiambiwa bibi anaumwa, anakopa.

Nijiandae vipi, nisije nikakwama kama wa mwaka 2020?

Omba paspoti ukiwa huna safari. Paspoti ya kielektroniki inadumu miaka 10, na wakati wa janga ofisi hupunguza watu na foleni inakua. Hakikisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na vyeti vya shule yanafanana herufi kwa herufi. Hii peke yake imekwamisha wateja wetu wengi kuliko virusi vyovyote.

Kama unakwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita, kipimo cha kifua kikuu kinafanyika Dar es Salaam, hakifanyiki Mbeya. Pangilia nauli na siku za kulala huko. Sharti hilo lilikuwepo kabla ya korona na lipo baada yake.

Tiketi kata inayobadilishika tarehe, hata kama imezidi bei kidogo. Na ada ya chuo ulipe baada ya kusoma kipengele cha marejesho. Julai 2020 Marekani ilitangaza kwamba wanafunzi wa nje wanaosoma kwa mtandao tu waondoke, vyuo vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani, na ndani ya siku nane tangazo likafutwa. Waliokimbilia kukata tiketi siku ya pili walipoteza hela bure.

Mnatoza kiasi gani kunijazia fomu?

Bei imebandikwa mlangoni. Ada za serikali na za ubalozi hazilipwi kwetu; utapewa namba ya malipo, ulipe mwenyewe kwa simu au benki, na risiti ubaki nayo.